Hesabu Majani ya Julai Kabla ya Kununua Mbuzi

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, vilima vya Nkanka na Nyakarenzo hudanganya. Kila tuta la kuzuia mmomonyoko limejaa matete, kandokando ya njia kumejaa nyasi, na mtu aliyepata mkopo mdogo kwenye kikundi chake cha akiba huona hakuna kizuizi cha kununua mbuzi watatu. Julai anarudi kwenye matuta yale yale na kukuta vijiti. Mbuzi wamekonda, aliyezaa hana maziwa, na deni la kikundi halijapungua. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia yoyote ya wilaya ya Rusizi, Rwanda, inayotaka kufuga unaanza na majani, mnyama baadaye: jua ulichonacho Julai, kisha uchague mnyama atakayetosheka nacho.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 hivi anataka kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Watatu, kwa kilo 4 na nusu kila mmoja, katika siku 90 za kiangazi watamaliza zaidi ya kilo 1,200. Azima mzani, kata matete ya urefu wa mita moja ya tuta lako, pima, kisha zidisha kwa urefu wa matuta yote uliyonayo. Usikate Aprili ukadhani umepata jibu. Kata mwishoni mwa Juni, kwa sababu matete yakikatwa wakati huo hayachipui upesi kama yanavyochipua mvua inaponyesha. Ukikuta kilo 400 pale panapotakiwa 1,200, huna malisho ya mbuzi watatu. Una malisho ya mbuzi mmoja, au ya wanyama wadogo zaidi.

Na wanyama wadogo wapo. Simbilisi mmoja hula takribani gramu 200 za majani kwa siku, maana yake simbilisi kumi hawafikishi hata nusu ya chakula cha mbuzi mmoja. Sungura mkubwa hutosheka na nusu kilo au zaidi kidogo, akiongezewa marando ya viazi vitamu na maganda ya mboga. Mahali ambapo kaya nyingi hazina hata hekta moja, na ambapo sheria inataka mifugo ifugiwe bandani badala ya kuachwa izurure, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atafuga mwaka mzima na nani atauza kwa hasara mwezi wa Agosti.

Najua wengi bado wanamtaka ng'ombe. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kwa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja na kuitaka impitishie jirani ndama jike wa kwanza, umebadilisha maisha ya kaya nyingi nchini, na ng'ombe katika nchi hii ana heshima ambayo sungura hataipata kamwe. Lakini ng'ombe wa maziwa anataka kilo 50 au zaidi za majani mabichi kila siku, pamoja na maji mengi. Mwenye kipande kidogo cha mlimani anayempokea bila kupanda malisho kwanza atajikuta akinunua majani kwa wengine, na maziwa yote yataishia kulipia majani hayo. Aanze na mifugo midogo, apande, kisha afike kwa ng'ombe akiwa tayari.

Kupanda kwenyewe kuanze Septemba mvua zikifungua. Matete yakae kwenye kingo za matuta, na katikati yake pandikiza kaliandra. Mti huu mdogo unabaki na majani mabichi kiangazi kirefu, mizizi yake inashika udongo, na majani yake yana protini nyingi kuliko matete. Wanaokaa Bugarama wana bahati nyingine. Bonde lile lina joto, lina maji ya kumwagilia, na mpunga wake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mabua ya mpunga ambayo wengine huyachoma yangefungwa mafungu na kuwekwa juu ya dari ya banda, na pumba za vinu zinapatikana karibu. Mtu wa Bweyeye, kule kwenye ubaridi karibu na msitu wa Nyungwe, asiige hesabu ya mtu wa Bugarama. Ni wilaya moja, lakini malisho ni mengine kabisa.

Jambo la pili ni gumu kuliko majani, kwa sababu linaamuliwa mezani kati ya mume na mke. Fungu la mtoto litengwe kabla mnyama hajanunuliwa. Nimesoma mipango mingi ya ufugaji inayodai kuboresha lishe, na udhaifu wake ni ule ule: inahesabu mayai yatakayotagwa, haisemi yatakayoliwa. Familia ikipata kuku, mayai huenda sokoni Kamembe, fedha zinanunua sabuni, daftari na mchango wa bima ya afya, na mtoto anabaki na muhogo na maharage yake. Sabuni na daftari ni mahitaji ya kweli, sikatai. Ila uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Mkoa wa Magharibi, ambamo Rusizi imo, ulikuwa juu ya wastani huo. Kudumaa kunajengeka hasa tangu mimba hadi mwaka wa pili. Baada ya hapo sehemu kubwa ya hasara hairudi.

Yai moja lina protini gramu 6 hivi, pamoja na vitamini ambazo ugali na viazi havina. Huko Ecuador watafiti waliwapa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kudumaa kumepungua kwa asilimia 47. Jaribio kama hilo lilipofanywa Malawi, matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti katika urefu wa watoto. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba watoto wale walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwani. Mimi naona habari hiyo ya Malawi inatuhusu sana. Familia ya kando ya Ziwa Kivu inayomsagia mtoto sambaza wakavu, dagaa wa ziwa hilo, na kuwatia kwenye uji mara kadhaa kwa wiki inaweza kuuza mayai mengi zaidi bila kumdhulumu mtoto. Familia ya mlimani, isiyoona samaki ila siku ya soko, isiuze yai hata moja kabla mtoto hajapata lake.

Sasa tuwahesabu kuku wa kienyeji, maana ndio wanaopatikana kwa urahisi. Mtetea hutaga mayai 10 hadi 15, akaatamia, akalea, kisha akaanza tena, kiasi cha mara tatu au nne kwa mwaka. Tuseme mayai 50. Mitetea mitano inakupa 250. Ukitenga 100 ya kuatamiwa, yanabaki 150, na mtoto mmoja anayekula mayai matatu kwa wiki anahitaji 156. Yaani mayai ya mitetea mitano yanamtosha mtoto mmoja tu, kwa shida. Wanaotangaza utajiri wa mayai kwa kuku watano wa kienyeji hawakupiga hesabu hii. Fedha zako zitatoka kwingine, kwenye yale mayai 100. Yakianguliwa 80, na nusu ya vifaranga wakifika umri wa kuuzwa, una kuku 40 kwa mwaka wa kupeleka sokoni na kubadilishia jogoo.

Ugumu uko kwenye hiyo nusu. Vifaranga wanaoachwa wazunguke na mama yao mvuani huliwa na mwewe, hupigwa na baridi, na wengi hawamalizi mwezi wa pili. Wazuie ndani ya tenga kubwa wiki nne za kwanza, mahali pakavu, uwape mahindi yaliyopondwa yaliyochanganywa na unga wa sambaza na maji safi kwenye kisahani chenye jiwe katikati wasizame. Mama yao anaweza kuondolewa mapema ili arudi kutaga. Kazi hii inachukua dakika chache asubuhi na jioni na inaweza kufanywa na mtoto wa shule.

Kisha kuna kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia kijijini kinaweza kusafisha mabanda yote kwa wiki moja, na hakina dawa. Kina chanjo. Ile ya matone ya jicho inafanya kazi vizuri kwa kuku wa vijijini, na zipo aina zinazostahimili joto, kama inayotengenezwa Tanzania kwa mbegu ya I-2. Kinachowashinda watu ni chupa yenyewe: hutengenezwa kwa dozi nyingi, mara nyingi mia au zaidi, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa mpaka wiki ijayo. Mwenye kuku wanane ananunua dozi mia peke yake? Hanunui. Ndiyo maana chanjo lazima iwe kazi ya mtaa. Kubalianeni na mganga wa mifugo wa umurenge wenu, yaani kata yenu, mchague siku ya karibu na umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, kila baada ya miezi mitatu au minne, kila kaya ichangie kwa idadi ya kuku wake. Fanyeni alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Mmoja anamshika kuku akimlaza ubavu, kichwa kimegeuzwa ili jicho moja liangalie juu. Mwingine anashika kidondoshi wima, tone moja linaanguka, na mnasubiri kuku apepese jicho. Asipopepesa, tone halijaingia, rudia. Chupa ikae kwenye kitambaa kilicholowa, mbali na jua. Kuku ambaye tayari ni mgonjwa msimchanje, na msiwaingize waliotoka sokoni jana kwenye kundi kabla hawajakaa pembeni wiki mbili.

Kuku chotara wa Sasso nao wanaenea, na wanataga na kunenepa zaidi kuliko wa kienyeji. Wafuge ukiwa na uhakika wa chakula cha kununua mwaka mzima. Ukiwaacha wajitafutie, watakuwa kuku wa kienyeji wa bei ghali.

Kuhusu mahali pa kulala sina budi kusema kwa ukali kidogo. Kwa kuogopa wezi, watu wengi hulaza kuku ndani ya nyumba, pengine chini ya kitanda cha watoto. Utafiti uliofanywa vijijini Ethiopia na kuchapishwa 2016 ulikuta kwamba kufuga kuku kuliendana na watoto kukua vizuri zaidi, lakini kulaza kuku ndani kuliendana na watoto kukua vibaya. Mtoto anayetambaa huokota kinyesi na kukipeleka mdomoni, utumbo wake unashambuliwa kila siku, na chakula anachokula hakimjengi. Unaweza kumpa yai kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Jenga kijumba kilichoegemea ukuta wa chumba chako cha kulala, chenye mlango wake wa nje na kufuli, ili ukisikia kelele usiku uwe karibu. Uwanja anaochezea mtoto uzungushiwe hata kwa fito. Sabuni na maji viwe karibu na banda, na mayai yapikwe mpaka kiini kikauke.

Sungura na simbilisi wana faida ya kuzaa haraka. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi na huzaa sita, saba, nane. Simbilisi hubeba zaidi ya miezi miwili na huzaa wachache, lakini watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya siku chache wanatafuna majani. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo ukimpa pumba tupu bila majani mabichi atakufa, na utadhani ni ugonjwa wa ajabu. Upande wa pili wa daraja la mto Rusizi, vijijini Kivu Kusini nchini Kongo, simbilisi wamefugwa jikoni kwa miaka mingi, na katika miaka ya vita, ng'ombe na mbuzi wakiporwa, wao walibaki kwa sababu ni rahisi kuwaficha na kukimbia nao.

Adui mkubwa wa sungura hapa Rusizi ni unyevu. Majani yenye umande yakilishwa asubuhi humvimbisha tumbo na kumha­risha. Kata jioni, tandaza kwenye kichanja chini ya paa, lisha kesho yake yakiwa yamenyauka kidogo. Kizimba kiinuliwe mita moja kutoka ardhini, sakafu iwe ya vipande vya mianzi vilivyoachiana kiasi cha upana wa kidole cha mtoto ili kinyesi kianguke na mguu usinase. Chini yake weka bati lililoinama kuelekea upande mmoja, na mwisho wa bati weka dumu. Mkojo wa sungura unaodondoka humo, ukichanganywa na maji mara tano hadi kumi yake, ni mbolea nzuri ya mboga.

Hapo ndipo ninapoona faida ambayo watu huidharau kuliko zote. Udongo wa vilima vyetu una tindikali na umechoka, na mvua kubwa inaendelea kuuchuja. Kikapu cha samadi iliyooza vizuri kinaweza kukuletea zaidi kuliko mnyama aliyekitoa. Ichimbie shimo lenye kivuli, changanya na majani makavu na majivu, geuza kila baada ya wiki tatu, na ikishakuwa nyeusi isiyonuka ipeleke kwanza kwenye bustani ya jikoni, ile akarima k'igikoni ambayo kila kaya imehimizwa kuwa nayo: dodo (mchicha), karoti, vitunguu. Inayobaki iende kwenye maharage yenye chuma kingi, aina ambazo zimekuwa zikisambazwa Rwanda na zinazomfaa hasa mama mjamzito. Nyama kidogo na mboga za samadi kwenye sahani moja hufanya kazi pamoja, kwa sababu nyama huusaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mboga na maharage.

Na tuseme wazi kuhusu wanawake na nyama ya mbuzi. Bado ziko familia ambamo mwanamke haruhusiwi kuila, eti ataota ndevu. Hakuna ndevu zinazotokana na mbuzi. Mama anayenyonyesha akinyimwa nyama katika nyumba anayokatia majani kila siku, mradi umewalisha wasio na shida.

Nguruwe nitampitia haraka. Kamembe na Bugarama zina Waislamu wengi, na hao habari hii haiwahusu. Kwa wengine, nguruwe hubeba mimba siku 114, huzaa wengi, na pumba za Bugarama humfaa. Hatari yake ni homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na dawa wala chanjo tunayoweza kuipata hapa. Usilishe mabaki ya hoteli yasiyochemshwa, usimruhusu mnunuzi aingie bandani na viatu alivyokuja navyo kutoka banda jingine, na ukiona vifo vya ghafla piga simu kwa mganga wa mifugo kabla ya kuita mchinjaji. Kumpeleka jike kwa dume la jirani nako husambaza magonjwa. Kupandikiza mbegu ni salama zaidi, na siku hizi mbegu hizo husafirishwa hata kwa ndege zisizo na rubani. Tangu 2019 serikali imekuwa ikichangia asilimia 40 ya malipo ya bima ya mazao na mifugo. Uliza ofisi ya umurenge mnyama wako anaingia katika kundi gani.

Soko letu la asili ni Bukavu. Mji mkubwa uko ng'ambo ya daraja, unakula mayai, kuku na maziwa kuliko tunavyoweza kuzalisha, na akina mama wa Rusizi wamekuwa wakivuka na vikapu kwa miaka yote. Lakini soko hilo hufungwa bila kuuliza. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na biashara ya vikapu ikasimama. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, na Bugarama, iliyo karibu na mpaka huo, ikaumia. Februari 2025 vita vilifika Bukavu yenyewe. Mfugaji mdogo asipange mwaka wake kwa kutegemea daraja. Tafuta wanunuzi wawili wa upande huu kwanza: mkahawa wa mishikaki Kamembe, shule yenye chakula cha mchana, kituo cha afya, jirani mwenye mtoto mchanga. Bukavu ichukue ziada. Beberu asiye na kilema aliyetimiza mwaka auzwe kuelekea Idd ya kuchinja, majogoo waende Desemba, na ada za Septemba zisisubiri Agosti ambapo kila mtu anauza mbuzi waliokonda.

Kama mnaanza kwa kikundi cha kupokezana, utaratibu wa Girinka unaweza kuwafaa hata kwa wanyama wadogo. Kaya tatu za kwanza zipewe mitetea mitano kila moja, au sungura majike wawili na dume wa kushirikiana, kisha zirudishe idadi ile ile kwa kaya zinazofuata. Wekeni sharti kwamba anayepokea awe amejenga banda nje ya nyumba na amepanda malisho msimu mmoja kabla. Wanakikundi wenyewe waende kukagua, wapime matete yake kwa mzani ule ule, Juni. Daftari la kikundi liwe na safu ya mayai yaliyouzwa na safu ya mayai yaliyoliwa na watoto, isomwe kwenye kikao cha jioni cha wazazi mbele ya baba na mama wote wawili. Na makabidhiano yafanyike siku ya chanjo, ili kila kuku anayehama banda awe tayari na tone lake jichoni.